Ubongo Uzeeni: Kutembea, Kucheza Bao na Presha Isiyopimwa

Kusahau kwa wazee kumechukuliwa kwa muda mrefu, katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, kuwa ni sehemu ya uzee wenyewe, na pale kunapozidi kiasi, mzee akaanza kupotea njia ya kurudi nyumbani au kuwaita wajukuu kwa majina ya ndugu waliokwisha kufariki, maelezo hutafutwa kwenye laana na uchawi badala ya kwenye ubongo. Utabibu huiita hali hiyo demensia, jina linalojumuisha maradhi kadhaa ambayo hudhoofisha hatua kwa hatua kumbukumbu, lugha, uamuzi na uwezo wa kutenda shughuli za kila siku, kupita kiwango kinachoweza kuelezwa na umri peke yake. Ugonjwa unaoongoza katika kundi hilo ni wa Alzheimer, ambao ndani yake protini zisizo za kawaida hujikusanya katika ubongo na kuua seli zake. Unaofuata ni ule utokanao na kuharibika kwa mishipa midogo ya damu inayoulisha ubongo, na kwa wazee wengi magonjwa hayo mawili hukutana katika kichwa kimoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Wapo wanaodhani kwamba hayo ni maradhi ya Ulaya, ambako watu huishi miaka mingi na kuzeekea katika nyumba za kutunzia wazee, lakini dhana hiyo ilipimwa mwaka 2010 katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na haikusimama. Watafiti waliwachunguza wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea katika vijiji 6 vya wilaya hiyo, na baada ya takwimu kurekebishwa kulingana na muundo wa umri, ilibainika kuwa asilimia 6.4 walikuwa na demensia, kiwango kinachokaribiana na kile cha nchi tajiri. Kipimo kifupi kilichotengenezwa baadaye kutokana na kazi hiyo ya Hai kinastahili kutajwa, kwa sababu vipimo vilivyoletwa kutoka nje humtaka mtu achore saa au aandike sentensi, na hivyo humhesabu kuwa mgonjwa mzee ambaye kosa lake ni kutopelekwa shule tu. Katika kipimo hiki mzee huulizwa leo ni siku gani na kiongozi wa kijiji ni nani, huombwa ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa muda wa dakika moja, aeleze daraja ni kitu gani, akumbuke maneno aliyosomewa muda mfupi uliopita, kisha huwekewa mbele yake njiti nne za kiberiti zilizopangwa kwa umbo fulani, naye hupewa njiti zake azipange vivyo hivyo. Kalamu haihitajiki, na mhudumu wa kawaida aliyefundishwa anaweza kukiendesha barazani.

Kama ugonjwa huo upo vijijini kama ulivyo katika nchi tajiri, swali linalobaki ni iwapo unaweza kuzuiwa au angalau kucheleweshwa, na jibu ambalo limevuma zaidi katika miaka ya karibuni ni mazoezi, ya mwili na ya akili. Sehemu ya kwanza ya jibu hilo ina mashiko ya kibiolojia. Ubongo wa mtu mzima ni takribani asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote inayovutwa, na kwa kuwa hauna ghala la kutosha la kuweka nishati, hutegemea damu inayoufikia muda wote bila kukatika. Chochote kinachouimarisha moyo na kuilainisha mishipa kinaufaa ubongo pia. Zaidi ya hapo, misuli inayofanya kazi na mwili unaohema huongeza mwilini protini ambayo wanasayansi huifupisha kwa herufi BDNF, ambayo husaidia seli za neva kuishi na kuunganishwa upya, hasa katika hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, upande wa masikio, ambayo ndiyo mlango wa kumbukumbu mpya na ndiyo mojawapo ya sehemu za kwanza kuliwa na ugonjwa wa Alzheimer.

Mwaka 2011 timu iliyoongozwa na Kirk Erickson nchini Marekani ilichapisha matokeo yaliyoipa hoja hiyo nguvu kubwa. Wazee 120 wasio na demensia waligawanywa kwa bahati nasibu, maana yake bila wao wala watafiti kuchagua nani aende wapi, ili makundi mawili yafanane kwa kila kitu isipokuwa kile kinachopimwa; kundi moja lilitembea kwa mwendo wa kuhemesha dakika 40 kwa siku, siku 3 kwa wiki, na lingine lilifanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu. Baada ya mwaka mmoja hipokampasi za waliotembea zilikuwa zimeongezeka ukubwa kwa takribani asilimia 2, wakati zile za wenzao zilikuwa zimesinyaa kwa karibu asilimia 1.4, kama ilivyo kawaida katika umri huo. Kwamba kiungo kinachotarajiwa kupungua kila mwaka kinaweza kuongezeka kwa kutembea, bila dawa yoyote, ni habari iliyosambaa upesi, na inaeleweka kwa nini.

Hata hivyo, msomaji mwangalifu hana budi kuziweka kando ya habari hiyo tafiti mbili ambazo hazivumi. Utafiti ulioitwa LIFE, uliochapishwa mwaka 2015, uliwahusisha watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89 ambao walikuwa wakikaa sana bila kujishughulisha. Nusu yao walifanyishwa mazoezi ya kutembea, ya nguvu na ya kunyoosha viungo kwa miaka 2, na nusu wakapewa darasa la afya, na mwishoni alama za utambuzi, yaani uwezo wa kukumbuka, kufikiri na kuamua, hazikutofautiana. Utafiti wa pili uliwafuatilia watumishi wa serikali 10,308 wa jijini London kwa takribani miaka 28, na uchambuzi wake wa mwaka 2017 ukaonyesha kwamba waliougua demensia walikuwa wameanza kupunguza shughuli za mwili hadi miaka 9 kabla ya ugonjwa kugunduliwa. Hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana: ugonjwa huanza kimyakimya miaka mingi kabla ya dalili, humfanya mtu apungukiwe na ari ya kutoka nje, na mtafiti anayekuja baadaye huweza kudhani kwamba kukaa ndani ndiko kulikoleta ugonjwa, ilhali ugonjwa ndio uliomkalisha mtu ndani. Tarakimu nyingi zinazorushwa katika mitandao, ikiwemo ile ya Uingereza ya mwaka 2022 iliyotokana na watu 78,430 na kuhusisha hatua 9,800 kwa siku na upungufu wa nusu ya hatari ya demensia, zinapaswa kusomwa kwa tahadhari hiyo hiyo, ingawa katika takwimu zile zile hatua 3,800 tu zilihusishwa na upungufu wa asilimia 25, jambo ambalo ni faraja kwa mzee mwenye magoti mabovu.

Pamoja na tahadhari zote hizo, mizani bado inaelemea upande wa kujishughulisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 kuhusu kinga ya demensia unayapendekeza mazoezi ya mwili kwa uzito kwa watu ambao utambuzi wao ungali mzima, na mwongozo wa mwaka 2020 unataja angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani ule unaomfanya mtu aheme kidogo lakini bado aweze kuzungumza na mwenzake, pamoja na siku 3 za mazoezi ya nguvu na ya mizani kwa wazee. Mazoezi ya mizani, kama kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta au kuinuka kitini bila kushika kitu, huonekana kuwa mepesi mno kuitwa mazoezi, lakini huzuia kuanguka, na kichwa kilichogonga sakafu ni mojawapo ya njia za kuelekea kwenye demensia. Kwa sababu hiyo hiyo kofia ngumu ya abiria wa bodaboda inahesabika katika kinga ya ubongo, ingawa ni nadra kuitazama hivyo.

Hapa ndipo ushauri unaonakiliwa kutoka nchi nyingine unapokwama. Bibi wa Hai mwenye miaka 72 ambaye kila siku hukata majani ya ng'ombe, huyafunga mzigo na kupanda nayo mteremko wa mlima hadi zizini, ameshapita dakika 150 kabla wiki haijafika katikati, na kumwambia ajishughulishe ni kumkosea adabu. Mstaafu wa Dar es Salaam au Nairobi, ambaye kwa miaka 30 alikwenda kazini kwa gari na sasa hushinda sebuleni mbele ya televisheni, ndiye anayehitaji kuambiwa. Kwa watu wa namna hiyo mfano ulio karibu umo katika mtaa wa Korogocho jijini Nairobi, ambako wanawake wazee wa kundi la Shosho Jikinge wamekuwa wakijifunza mbinu za kujihami dhidi ya wabakaji. Sababu iliyowakutanisha ni chungu na haihusiani na kumbukumbu, lakini kinachofanyika pale kina viungo vyote ambavyo watafiti wa ubongo huvitafuta: moyo unaokwenda mbio, mpangilio wa vitendo unaopaswa kukumbukwa, kushtukizwa na mpinzani, na wenzio wanaouliza kulikoni usipofika.

Mazoezi ya akili yana historia yenye utata zaidi, na sehemu ya utata huo ni ya kibiashara. Katika muongo wa kwanza wa karne hii iliibuka biashara kubwa ya michezo ya kompyuta na simu iliyonadiwa kwamba humwongezea mtu kumbukumbu na kumkinga na demensia, hadi mwezi Januari 2016 tume ya Marekani inayosimamia haki katika biashara ilipoibana kampuni yenye mchezo wa Lumosity, ambayo ilikubali kulipa dola milioni 2 kwa kutangaza manufaa ambayo haikuwa na ushahidi wa kuyathibitisha. Miaka 6 kabla ya hapo, Adrian Owen na wenzake, wakishirikiana na BBC, walikuwa wamewapa watu 11,430 michezo ya aina hiyo kwa wiki 6, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kwamba washiriki waliimarika katika michezo waliyoicheza na si katika mingine, hata ile iliyofanana nayo kwa karibu. Wanasaikolojia hulieleza tatizo hilo kwa dhana ya uhamisho wa ujuzi: anayefanya mazoezi ya kukumbuka orodha za tarakimu huwa bingwa wa orodha za tarakimu, lakini ubingwa huo hauhamii kwenye kukumbuka alikoweka funguo au kama amekwisha kumeza dawa za asubuhi.

Utafiti mmoja umelitikisa hitimisho hilo bila kulivunja. Ulipewa jina la ACTIVE, ulianza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, na uliwaingiza watu zaidi ya 2,800 wenye umri kuanzia miaka 65, waliogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne: la mazoezi ya kumbukumbu, la mazoezi ya kupambanua mantiki, la mazoezi ya wepesi wa kuchakata yanayoonekana, na la wasiofundishwa chochote. Katika mazoezi ya wepesi, mshiriki huonyeshwa kwa nukta ya sekunde kitu kilicho katikati ya kioo cha kompyuta na kingine pembeni, na hutakiwa kuvitambua vyote viwili, huku kompyuta ikiufupisha muda kila anapofaulu, kwa hiyo hafiki mahali pa kustarehe. Baada ya miaka 10 kundi hilo peke yake ndilo lililoonyesha upungufu wa demensia, kwa takribani asilimia 29 kulingana na uchambuzi wa mwaka 2017. Wapo wanaokosoa namna ugonjwa ulivyotambuliwa katika uchambuzi huo, na ukosoaji wao una haki. Lakini inafaa kuzingatia kwamba lililofanikiwa, kama lilifanikiwa kweli, ni zoezi linalokuwa gumu kadiri mtu anavyolimudu, na si fumbo la maneno ambalo mtu amelizoea kwa miaka 20.

Kwa kipimo hicho, bao la Kiswahili linastahili kutazamwa kwa makini kuliko linavyotazamwa. Ubao wake una mashimo 32 katika safu nne, na kete ni 64, na mchezo huanza kila mchezaji akiwa na kete 6 katika shimo lake liitwalo nyumba, 2 katika kila shimo kati ya mawili yanayofuata, na 22 zilizobaki mkononi, ambazo huingizwa moja moja katika hatua ya namua kabla ya kuingia katika hatua ya mtaji, ambamo huchezwa kwa kete zilizo ubaoni tu. Mchezaji mzoefu hahesabu kete za shimo moja. Huufuata kichwani mzunguko mzima, ambao ndani yake kete ya mwisho huangukia shimo lenye kete nyingine, zote huinuliwa na kuendelea, hula za mpinzani na kurudi kwenye mashimo ya mwisho wa safu yaitwayo kichwa na kimbi, na mzunguko huo huweza kupinduka mara kadhaa kabla ya kulala, huku akipima pia ni lini afadhali kutakata, yaani kusambaza kete bila kula, kuliko kula. Mtafiti wa Kiholanzi Alex de Voogt aliyachunguza maarifa hayo ya mabingwa wa Zanzibar katika kazi aliyoichapisha mwaka 1995, akayachukulia kuwa ni suala la mipaka ya akili ya binadamu, na si la burudani.

Hata hivyo bao nalo linafungwa na kanuni ya uhamisho: linamfundisha mtu bao. Utafiti wa Bronx, jijini New York, uliochapishwa mwaka 2003 na Joe Verghese na wenzake baada ya kuwafuatilia watu 469 waliopita miaka 75, uliihusisha michezo ya ubao, usomaji na upigaji wa ala za muziki na upungufu wa demensia, na kati ya shughuli za mwili ni kucheza dansi peke yake kulikoonyesha uhusiano huo. Lakini akili inayodhoofika huacha bao mapema, kama vile mwili unaodhoofika unavyoacha kutembea. Thamani ya bao kwa mzee huenda ipo zaidi katika mpinzani asiyemwonea huruma, katika watazamaji wanaomkebehi kwa kosa lake, na katika kutoka nyumbani kila alasiri ili kufika barazani, kuliko katika hesabu za kete zenyewe. Bao lina pia upungufu wa wazi, kwani wanaokaa barazani ni wanaume, nao hukaa saa nyingi mno. Kwa wanawake, kwaya inayofundisha nyimbo mpya kila mwezi, kikundi cha ngoma ambacho mshiriki hucheza huku akiimba, au kikoba ambacho mweka hazina wake anakumbuka nani anadaiwa kiasi gani, vinaweza kufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Kwa wale ambao ugonjwa umekwisha kuwafika, mazungumzo yenyewe ni tiba, na hilo nalo limejaribiwa Hai. Tiba hiyo ya kuchangamsha utambuzi ilibuniwa Uingereza, ambako jaribio la Aimee Spector na wenzake lilichapishwa mwaka 2003. Ni vikao 14 vya watu wachache, mara mbili kwa wiki kwa wiki 7, ambavyo kila kimoja kina mada yake, kama vile chakula, utoto au sauti, na mwongozaji haulizi maswali ya kumbukumbu yenye jibu moja bali huomba maoni, ili mzee asiaibike kwa kukosea. Vikao hivyo vilipoletwa kwa wazee 34 wenye demensia isiyo kali, baada ya kurekebishwa ili vilingane na maisha ya kijijini na visitegemee kusoma wala kuandika, utambuzi wao uliimarika na wasiwasi ukapungua, kulingana na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017. Idadi ni ndogo, na hakuna aliyedai kwamba wamepona, lakini gharama yake ni viti, mwongozaji aliyefundishwa na nauli.

Linalofanya watu wawili wenye uharibifu unaolingana katika ubongo waishi maisha tofauti, mmoja akipotea na mwingine akiendelea kuuza dukani kwake, ni kile kinachoitwa akiba ya utambuzi, yaani ziada ya miunganiko na njia za mchepuko ambayo ubongo huijenga kwa miaka mingi ya kujifunza na kazi ngumu za kufikiri, na ambayo huutumikia pale njia kuu zinapoharibika. Shule ndiyo mjenzi wake mkubwa. Katika utafiti wa watu 983 wa New York ambao hawakupita miaka 4 ya shule, uliochapishwa mwaka 2019, asilimia 35 ya wasiojua kusoma na kuandika walikuwa na demensia tangu mwanzo wa utafiti, dhidi ya asilimia 18 ya waliojua, ingawa wote walikuwa na shule ndogo. Ukiitazama kwa jicho hilo, kampeni ya kisomo cha watu wazima ambayo Julius Nyerere aliipa msukumo kwa kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima huenda ndiyo programu kubwa kuliko zote za mazoezi ya akili zilizowahi kufanyika katika eneo hili, na vijana waliojifunza kusoma katika madarasa yake ndio wazee wa leo. Kwamba madarasa ya namna hiyo yamefifia ni hasara ambayo haihesabiwi katika bajeti ya afya.

Tafiti zilizotajwa hadi hapa zilijaribu jambo moja moja, na huenda hilo ndilo lililozifanya zipingane. Miia Kivipelto na wenzake nchini Ufini walichukua njia nyingine katika utafiti ulioitwa FINGER, uliochapishwa mwaka 2015, kwa kuwapa watu wa miaka 60 hadi 77 mambo manne kwa pamoja kwa miaka 2: ushauri wa chakula, mazoezi ya nguvu na ya kuhemesha yanayosimamiwa na wataalamu wa mazoezi tiba, mazoezi ya akili kwa kompyuta na katika vikundi, na ufuatiliaji wa karibu wa presha, lehemu na sukari. Washiriki walikuwa 1,260, na kundi la ulinganisho lilipewa ushauri wa kawaida wa afya. Alama za jumla za utambuzi ziliimarika kwa asilimia 25 zaidi katika kundi la mambo manne, uwezo wa kupanga na kuamua kwa asilimia 83 zaidi, na wepesi wa kuchakata habari kwa asilimia 150 zaidi. Tarakimu hizo zisipokelewe kwa pupa, kwa kuwa hata kundi la ulinganisho liliimarika, na asilimia kubwa ya kitu kidogo bado ni kitu kidogo. Kumbukumbu yenyewe haikutofautiana kwa namna ya kuthibitika. Jaribio la Marekani lililofuata nyayo hizo, likiwa na watu 2,111, lilitoa matokeo yake Julai 2025: makundi yote mawili yaliimarika, lile lililosimamiwa kwa vikao vya mara kwa mara likiizidi kwa kiasi kidogo lile lililoachwa lijiongoze. Usimamizi, kwa maneno mengine, ni sehemu ya dawa.

Kati ya mambo manne ya Ufini, la nne ndilo linalosahaulika haraka zaidi linaposafirishwa, kwa sababu halina picha nzuri ya kuweka gazetini, na kwa Afrika Mashariki ndilo lenye pengo kubwa kuliko yote. Uchunguzi mwingine uliofanyika Hai, uliohusisha wazee zaidi ya 2,000 wa miaka 70 na kuendelea, ulikuta takribani 7 kati ya kila 10 wana shinikizo la damu la juu, wengi wao wakiwa hawajui, na waliokuwa nalo likiwa limedhibitiwa ipasavyo walikuwa wachache mno. Hao ni wale wale wabeba majani na wapanda milima. Presha haiumi, lakini kwa miaka 20 au 30 huisukuma damu kwa nguvu kupita kiasi katika vijishipa vyembamba kama unywele vilivyo ndani kabisa ya ubongo, ambavyo huwa vigumu, huziba au kuvuja kidogo kidogo, kila kimoja kikiua kipande kisichoonekana, hadi siku mzee anapoonekana kubadilika ghafla ilhali hapakuwa na ghafla yoyote. Mazoezi huishusha presha kwa milimita chache za zebaki, na hiyo huenda ni mojawapo ya njia kuu yanazoufaa ubongo, lakini kwa mwenye presha ya 180 milimita hizo chache hazitoshi, na bao halimshushii hata moja.

Ushahidi kwamba kuishusha presha kwa dawa hulinda utambuzi umekuwa ukijengeka. Katika jaribio la Marekani la watu 9,361, ambalo matokeo yake kuhusu ubongo yalitolewa mwaka 2019, walioshushwa chini ya 120 walipata upungufu wa asilimia 19 wa udhaifu wa awali wa utambuzi ukilinganisha na walioshushwa chini ya 140, ingawa kwa demensia kamili tofauti haikufikia kiwango cha uhakika wa kitakwimu. Uhakika huo ulipatikana China, mahali panapofanana na vijiji vya Hai kuliko panavyofanana na Helsinki. Watu 33,995 wenye presha isiyodhibitiwa katika vijiji 326 walifuatiliwa kwa miaka 4. Katika nusu ya vijiji, matabibu wa kijiji wasio madaktari walifundishwa kuanzisha na kurekebisha dawa kwa kufuata utaratibu ulioandikwa, wakisimamiwa na madaktari, huku dawa zikitolewa bure au kwa bei nafuu na wagonjwa wakipewa mashine za kujipimia nyumbani. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2025, yalionyesha demensia ikipungua kwa asilimia 15, na hakuna jaribio la fumbo la maneno lililowahi kufika hapo kwa idadi kama hiyo ya watu.

Ni kweli kwamba orodha ya vihatarishi ni ndefu kuliko presha. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mwaka 2024 vihatarishi 14 ambavyo kwa pamoja huchangia karibu asilimia 45 ya demensia duniani, na katika hesabu yao kukaa bila kujishughulisha na presha vilipewa takribani asilimia 2 kila kimoja, wakati kupungua kwa uwezo wa kusikia na lehemu mbaya ya umri wa kati vilipewa asilimia 7 kila kimoja. Hesabu hizo ni za dunia nzima, na hutegemea kihatarishi kimeenea kiasi gani na kinaingiliana vipi na vingine, kwa hiyo haziwezi kutumiwa kuamua kipi kianze katika kijiji fulani. Zinakumbusha, hata hivyo, kwamba sikio lililoziba na mtoto wa jicho asiyeondolewa humtenga mzee na mazungumzo yanayoufanyisha ubongo kazi, na kwamba upasuaji wa mtoto wa jicho umehusishwa na upungufu wa demensia. Mjukuu anayempeleka bibi kliniki ya macho hufanya jambo la maana kuliko yule anayemnunulia simu yenye michezo ya kumbukumbu.

Miundo ya kuwafikia wazee na kuwapima presha haianzii sifuri. Kenya, mwaka 2023, iliwapeleka vijijini na mitaani wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakiwa na mikoba ambayo ndani yake mna mashine ya kupima presha na kipimo cha sukari, na Tanzania ilizindua mpango wake wa kitaifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii mwaka 2024. Mhudumu aliyekwisha kufika mlangoni anaweza, kwa nusu saa moja, kupima presha, kuuliza kama bibi amepunguza kutoka nje, kumwonyesha mazoezi mawili ya mizani na kumwambia kikundi cha jirani hukutana siku gani. Atakachohitaji bibi baada ya hapo ni kidonge cha presha kilichopo zahanati mwezi huu na mwezi ujao, kwa kuwa sera ya Tanzania inampa mzee asiye na uwezo msamaha wa gharama za matibabu, lakini msamaha huo humfikisha hadi dirisha la wazee tu pale dawa yenyewe inapokuwa imekwisha na cheti kikarudishwa ili akanunue nje.